Pampu Yako Haijafa, Waya Ndio Uliokuibia

Wiki hii niliahidi kuandika habari za kanitangaze kwenye nyanya. Naomba mnivumilie, kanitangaze atasubiri. Kuna jambo limenikaa kooni tangu kiangazi kianze, na safari hii hata mimi bwana shamba wenu ni mmoja wa watuhumiwa.

Kuna kikundi kimoja cha akina mama, kijiji sitakitaja, ambacho nilikiandikia mchanganuo wa bustani ya umwagiliaji. Nusu ekari ya nyanya, kisima kirefu pembeni mwa mbuga, pampu ya sola ya volti 24, paneli mbili. Mchanganuo ulikuwa mzuri. Mbegu niliandika aina, mbolea niliandika kilo, dawa niliandika mpaka kipimo cha kuchanganya kwa bomba la lita 16. Kwenye waya niliandika hivi: "Waya, mita 60." Basi. Sikuandika unene wala sikuandika ni wa madini gani. Kama mtu anayeagiza "mbegu, mfuko mmoja" bila kusema ni ya nini.

Akina mama wakanunua. Dukani pampu ilijaribiwa kwa waya mfupi wa muuzaji, maji yakaruka hadi mlangoni, wote wakapiga makofi. Kisimani ikatoa maji kama mtoto anayekojoa. Fundi akasema pampu imechoka. Ikarudishwa, ikaja nyingine. Ile nyingine nayo ikachoka siku ya kwanza. Wakaambiwa paneli ni feki. Wakaambiwa jua la asubuhi halina nguvu. Mmoja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba majirani wanasema kisima kile kina mkono wa mtu. Wakati maelezo yote hayo yanatolewa nyanya zilikuwa kwenye maua, na mnajua jua la Kishapu mwezi wa tisa. Nusu ya shamba iliungua.

Nilipokwenda na kipimo changu, jambo lilichukua dakika kumi. Pampu ikiwa inazunguka, kwenye paneli kulikuwa na volti 29. Kwenye pampu, mwisho wa waya, volti 15. Volti 14 zilipotea njiani. Wezi wa paneli ndio walioogopwa, ndiyo maana paneli ziliwekwa juu ya bati la nyumba ya mwenyekiti, mita 60 kutoka kisimani. Mwizi alikuwa ameshalipiwa, amelala chini kati ya nyumba na kisima, na yuko kazini tangu asubuhi.

Mama mwenyekiti aliniuliza swali moja: "Bwana shamba, wewe hili ulikuwa unalijua?" Nilijibu ndiyo, nilifundishwa kidato cha pili. Akanyamaza. Ningependelea anitukane.

Sasa nataka tugombane kidogo. Kuna msemo umezoeleka madukani, kwa mafundi, na kwetu watumishi: waya ni waya tu. Nasema msemo huo ni uongo, unakula mitaji ya watu, na kila anayeutamka mbele ya mkulima anayetoa fedha ya mkopo anashiriki kumwibia, awe anajua au hajui.

Kila waya unaupinga umeme unaopita ndani yake. Shuleni tuliita ukinzani, tukaupima kwa omu. Jina hilo limetokana na Mjerumani mmoja, Georg Simon Ohm, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu wa sekondari tu. Alichukua nyaya za urefu mbalimbali, akapitisha umeme, akapima, akaandika, na mwaka 1827 akatoa kitabu. Leo ni karibu miaka 200, na bado mtu anauziwa mita 60 za waya bila kuulizwa pampu yake inakula ampea ngapi.

Mambo yanayoongeza au kupunguza ukinzani ni manne: urefu wa waya, unene wake, madini yaliyoutengeneza, na joto. Ukinzani ukiwa mkubwa, volti hupotea njiani na kugeuka joto, na pampu inabaki na makombo.

Msiniamini mimi, pimeni. Nilifanya jaribio hili mbele ya kibaraza cha ofisi na vijana wawili wanaouza vifaa vya sola. Tulichukua betri ya gari, taa ya mbele ya gari ya wati 55, na multimita. Multimita ya kawaida bei yake haifiki mfuko mmoja wa mbolea. Tukapitisha umeme wa betri kwenye mita 10 za waya kabla ya kufika kwenye taa. Ampea zilikuwa kama 4.5. Halafu tukapima volti kati ya ncha moja ya waya na ncha ya pili, taa ikiwa inawaka. Namba inayosoma hapo ndiyo ushuru waya unaokutoza.

Waya wa shaba wa 2.5, mzuri, mita 10: volti 0.33. Tukaongeza ukawa mita 20: 0.65, mara mbili hivi. Waya wa shaba wa 1.5, mita 10: volti 0.54. Kijana mmoja akasema, "Tofauti ndogo hiyo, bosi." Ndogo kwa mita 10, na umeme unakwenda na kurudi! Kisima cha mita 60 ni mita 120 za waya. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, wanahesabu kwenda wanasahau kurudi.

Kisha tukauweka waya wa akina mama. Umeandikwa 2.5 kwenye ganda lake, kwa herufi nzuri kabisa. Mita 10: volti 0.65. Yaani mita 10 za waya ule zinaiba sawasawa na mita 20 za shaba halali. Tukaukwangua kwa wembe. Juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Ni alumini iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba, na juu ya hapo nyuzi zenyewe ni nyembamba kuliko zilivyoandikwa. Alumini tupu ya unene uleule ina ukinzani kama mara 1.6 ya shaba. Ongeza wembamba, unapata mara mbili.

La joto tulilijaribu kwa kuuzamisha waya wa shaba kwenye sufuria ya maji ya moto, ncha zikiwa nje. Ile 0.33 ikapanda kuelekea 0.38. Shaba inaongeza ukinzani kama asilimia 4 kwa kila nyuzi joto 10. Kwa hiyo waya uliolala juu ya bati saa saba mchana, wakati ule hasa unapotaka maji mengi, ndio wakati unaokunyima zaidi. Na ule unaobaki umeviringishwa kama kamba ya ng'ombe pembeni ya nyumba unajipasha moto wenyewe. Lakini nisiwadanganye, kati ya yale mambo manne joto ni mwizi mdogo. Wezi wakubwa ni urefu, wembamba na madini.

Nichukue pampu ya volti 24 inayokula ampea 10, kisima kiko mita 60, na waya ni shaba halali kabisa ya 2.5. Kwa viwango vinavyotumika duniani, shaba ya 2.5 isizidi omu 7.41 kwa kilometa. Mita 120 ni omu 0.89. Zidisha kwa ampea 10, volti 8.9 zimepotea. Zaidi ya theluthi ya umeme wako! Na huo ni waya mzuri. Ukiweka shaba ya 6, yenye omu 3.08 kwa kilometa, unapoteza volti 3.7. Bado ni nyingi. Ukisogeza paneli hadi mita 15 kutoka kisimani kwa waya huohuo wa 6, unapoteza volti 0.9 tu. (Hesabu hizi ni za kukadiria, maana pampu ikikosa volti ampea nazo hubadilika. Zinatosha kukuzuia kununua ujinga.)

Najua jibu la wenye maduka, nimeshalisikia mara nyingi: wateja wanataka rahisi. Mteja akiona roli moja ni nusu ya bei ya jingine, anachukua la nusu. Ndugu yangu mfanyabiashara, nakuheshimu, wewe pia una watoto na una kodi ya fremu. Lakini mteja yule hakuchagua alumini. Alichagua 2.5 ya shaba ya bei nafuu, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa na ndivyo ilivyong'aa. Kama ungemwambia, "Mama, huu ni alumini, kwa umbali wako hautafikisha umeme," halafu bado akanunua, hapo ningesema amechagua mwenyewe.

Na alumini yenyewe si dhambi. Nyaya zile kubwa za TANESCO zinazopita juu ya vichwa vyetu ni za alumini, kwa sababu ni nyepesi na bei yake ni nzuri. Ila wameziweka nene kufidia. Ukitaka alumini ifanye kazi ya shaba ya 2.5, weka ya 4. Anayekuuzia alumini nene na kukwambia ni alumini ni mfanyabiashara. Anayekuuzia alumini nyembamba iliyovalishwa shaba kwa jina la 2.5 ni mtu mwingine, na Shirika la Viwango, TBS, pamoja na Tume ya Ushindani wapo kwa ajili yake.

Nashangaa sana tabia yetu ya Usukumani. Msimu wa pamba mtu anasimama mbele ya mizani ya AMCOS kama askari. Anaangalia jiwe, anaangalia mshale, anabishana robo kilo mpaka karani anatoa jasho. Mtu huyohuyo anaingia duka la vifaa vya umeme, anatoa laki na ushee, anachukua roli kwa macho. Mizani si ipo palepale? Pima! Shaba ya unene wa 2.5, urefu wa mita 100, ni kilo 2.2 za shaba tupu kabla ya plastiki. Roli zima la waya wa njia moja, mita 100, pamoja na plastiki yake, likisoma chini ya kilo 2.2, huhitaji fizikia, rudisha mezani. Ukiwa wa njia mbili, mara mbili yake, kilo 4.4. Au mita 100 hazitimii, au shaba haimo. Kwangua ncha kwa wembe. Omba uzi mmoja uushike kwa koleo kwenye moto wa kiberiti cha gesi: alumini hulegea na kukatika, shaba hugeuka nyekundu na kubaki.

Ninyi wa mashine za kusaga msicheke, zamu yenu imefika. Umeme wa gridi ni volti 230, kwa hiyo wizi hauonekani haraka. Chukua mota ya ampea 15, mita 80 kutoka kwenye mita, waya wa 2.5. Unapoteza kama volti 18 mota ikiwa inazunguka. Unasema ni kidogo. Lakini mota inapowashwa inavuta mara tano au zaidi ya ampea zake. Hapo upotevu ni volti 80 na kitu, mota inanguruma bila kushika mwendo, koili zinachemka. Siku moja zinaungua. Unapeleka kusukwa upya, unalaumu TANESCO, miezi minne unarudi tena kwa msukaji. Wako watu Mhunze hapa msukaji mota amekuwa ndugu yao. Wale wanaopeleka vifaa machimboni, upande wa Geita na kwingine, wanakopitisha waya hadi chini ya duara kuendesha pampu za kutoa maji na feni za kuingiza hewa, hao sitaki hata kuwahesabia. Kule hewa ikikata, kuna mtu chini.

Kwa umeme huu wa 230 msijaribu majaribio yangu ya kibarazani. Ya betri fanyeni, ya gridi mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, na mwulize kabla hajaanza: waya huu utapoteza volti ngapi? Akisema waya ni waya tu, mpe nauli arudi.

Kuna hoja nyingine ninayoisikia kwa watumishi wenzangu, na hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Wanasema mkulima wa darasa la saba hawezi hesabu hizi, tumwachie fundi. Mkulima wa darasa la saba anakokotoa riba ya mkopo kichwani, anajua gunia la dengu likitoka Mhunze hadi Mwanza litabaki na faida gani baada ya ushuru na nauli. Kuzidisha urefu kwa ukinzani kwa ampea kutamshinda vipi? Kilichoshindikana ni sisi kumwambia. Sisi ndio tulioandika "Waya, mita 60."

Na hapa wilayani kwetu mfano upo. Kijiji cha Ngunga, kata ya Talaga, kuna mradi wa umeme jua wa megawati 150, awamu ya kwanza megawati 50. Umeme ule hausafirishwi kwa volti za paneli. Unapandishwa volti kwanza, ndipo uingie kwenye gridi. Ile njia kuu ya kutoka Iringa hadi Shinyanga, kilometa 670, imejengwa kwa uwezo wa kilovolti 400. Wahandisi hawakufanya hivyo kwa kupenda minara mirefu. Volti zikipanda, ampea zinashuka kwa kazi ileile, na ampea zikishuka waya unakosa cha kuiba. Serikali inafuata kanuni hiyo kwa mabilioni, sisi tunaivunja kwa laki mbili.

Mkulima naye anaweza kuifuata. Ile pampu ya volti 24, ampea 10, kama ungenunua ya volti 48 yenye wati zilezile, ingekula ampea 5. Kwa mita 60 zilezile na shaba ileile ya 2.5 ungepoteza volti 4.4 katika 48, kama asilimia 9. Kutoka asilimia 37 hadi 9 bila kununua hata mita moja ya waya mnene! Kwa hiyo anayetaka paneli zake zikae nyumbani kwa hofu ya wezi, na hofu hiyo naielewa, anunue pampu ya volti kubwa. Aliye na kisima karibu, pampu ya volti ndogo inamtosha. Umbali wa kisima uamue pampu, na ujulikane kabla ya kwenda dukani. Pima kwa kamba au kwa hatua, si kwa kusema "pale tu."

Maungio nayo. Kusokota ncha mbili na kuzungushia kipande cha mfuko wa nailoni ni kuweka kizuizi barabarani. Kiungo kilegevu kina ukinzani, kinachemka, kinapata kutu, ukinzani unaongezeka. Shaba kusokotwa moja kwa moja na alumini ni mbaya zaidi. Tumia koneka za kukaza kwa skrubu, na juu yake tepu ya umeme. Ukigusa kiungo cha waya wa sola baada ya nusu saa ya kazi ukakikuta cha moto, hapo ndipo maji yako yanapovuja.

Wengi mtauliza tuliwafanyia nini wale akina mama, maana fedha ya waya mpya haikuwepo na mkopo wa halmashauri hausubiri nyanya ziote upya. Hatukununua kitu zaidi ya koneka. Ule waya wao wa mita 60 tuliukata vipande vinne vya mita 15. Tukavifunga sambamba, vinne kwa pamoja, kama mtu anayesokota kamba nne kuvuta gari. Urefu umepungua mara nne, unene umeongezeka mara nne, ukinzani ukashuka mara 16. Volti zilizokuwa zinapotea 14 zikawa kama moja. Paneli zimefungwa kwenye fremu ya mbao, asubuhi zinakwenda kisimani kwa mkokoteni, jioni zinarudi kulala ndani. Pampu ni ileile iliyosemwa imekufa. Kisima ni kilekile chenye mkono wa mtu.

Nyanya zilizoungua hazikurudi. Walipanda mchicha na chainizi upande ule, na marejesho ya kwanza walichelewa. Hilo liko kwenye mchanganuo wangu, na jina langu liko chini yake.

Kuanzia sasa mchanganuo wowote nitakaouandika utakuwa na mstari wa waya wenye mambo matano: urefu wa kwenda na kurudi, unene, madini, ampea za pampu, na volti zitakazopotea. Ukiona nimeandika "Waya, mita 60," nirudishie karatasi. Wenye maduka ya vifaa vya sola hapa Mhunze, naomba kila mmoja awe na wembe, mizani na multimita juu ya meza, mteja aone. Wawili wameshakubali. Mmoja amesema nitamfukuzia wateja, nami nimemjibu kwamba wale watakaofukuzika walikuwa watarudi tu na pampu mkononi.

Mwenye waya asiouamini aje nao ofisini siku yoyote ya kazi kabla ya saa sita, mita 10 zinatosha. Multimita ipo, taa ipo, waya wa shaba wa kulinganishia upo. Betri njooni nayo, ya kwangu ni ya pikipiki na imechoka kwelikweli, hiyo nimeshaipima.